Afande Aliyesikia kwa Mgongo

Sijui alizaliwa wapi, na ukoo wake haukunihusu. Nilipomkuta alikuwa tayari mtu mzima aliyepigwa pasi akasimamishwa mbele yetu. Kambi ilikuwa na maafande wengi, lakini ukisema "Afande" tu, bila kuongeza neno, kila kuruti alijua unamsema yule wa kwata, yule aliyetufundisha kusimama, kugeuka na kutembea, mambo ambayo tulidhani tumekuja tunayajua kutoka kwa mama zetu.

Nilikaa mikononi mwake wiki tisa, nusu kamili ya kozi. Wapo watu nimeishi nao nyumba moja miaka sita, Mwananyamala na kwingine, na leo ukiniuliza wanavyokunywa chai siwezi kukuambia. Yeye naweza kukueleza hadi alivyofunga kamba za viatu. Zaidi ya miaka ishirini nimetembea na swali juu yake, na kwa kuwa sikujua pa kumpata, nimebaki namchambua yeye mwenyewe, kila kipande, labda jibu limejificha humo. Swali ni hili: aliponitoa jeshini katikati ya mafunzo, alinitoa kwa sababu ya miguu yangu, au kwa sababu ya mdomo wangu?

Nianze na masikio yake, kwani ndiyo chanzo cha yote.

Alipenda kusimama akitupa mgongo. Platuni nzima, watu thelathini, tumepangwa mistari mitatu kwenye jua, yeye anatazama mlingoti wa bendera, mikono nyuma, kama anasubiri mgeni atokee upande ule. Hapo ndipo mtu wa mstari wa nyuma angejidanganya. Angenong'ona kitu kidogo kwa jirani yake, maneno mawili, bila kufungua meno. Na sauti ingetoka kule mbele, ya chini, haina haraka:

"Nimesikia."

Hageuki. "Anayejijua atoke."

Na mtu alitoka. Hakuna aliyewahi kubaki kwenye mstari. Siku moja walitoka wawili: aliyenong'ona, na mwingine ambaye baadaye alituambia yeye alikuwa amewaza tu.

Ukishatoka ulipewa doso, adhabu, na doso zake hazikufanana na za wenzake. Maafande wengine walikuwa na fimbo, au walikugaragaza kwenye tope mpaka usijue juu ni wapi. Yeye sikumwona akimgusa mtu. Kuruti ambaye hakutandika kitanda vizuri alikibeba kitanda, chuma na godoro, mpaka katikati ya uwanja wa paredi, akakitandika pale mbele ya kombania nzima, kisha akakirudisha. "Nacho kilitaka kuona gwaride," angesema. Aliyeangusha bunduki aliibeba kifuani kama mtoto mchanga hadi magharibi, na kila aliyepishana naye, hata mpishi, hata dereva wa gari la maji, alilazimika kusimama na kumwambia, "Nilimwangusha." Mtu aliumia kuliko fimbo. Lakini jua likizama, imekwisha. Kesho yake Afande alikusemesha kama vile hamjawahi kukosana. Hilo liweke akilini, nitalirudia.

Salamu nazo zilikuwa na sheria. Siku ya kwanza kabisa kijana mmoja wa Chang'ombe anayeitwa Hamza, ambaye baadaye kitanda chake kilikuwa jirani na changu, alimwamkia kwa adabu zote za nyumbani: "Shikamoo, afande."

"Hiyo mpelekee bibi yako," Afande akamjibu. "Hapa ni jambo. Shikamoo inakunja mgongo."

Tukasema jambo afande mpaka usingizini. Lakini nje ya lango kulikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza karanga na mihogo ya kukaanga, na Afande alipopita pale, na magwanda yake yote, aliinama kabisa. "Shikamoo mama." Mgongo ulikunjika vizuri tu. Hamza aliona, akanibinya. Hatukunong'ona.

Magwanda yale yanahitaji maneno yake. Aliyatia wanga wa muhogo aliochemsha mwenyewe kwenye kopo, akayapiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo wa suruali ukawa kama ukingo wa karatasi mpya. Ili usivunjike hakukaa. Alikula amesimama, sahani ameiweka kwenye kizingiti cha dirisha la mess, ugali na maharage, akitafuna huku anatutazama. Sikumwona amekaa hata mara moja kwa wiki tisa. Hamza alikuwa na hoja kwamba hata kulala anasimama, wanamwegesha ukutani.

"Mkunjo ukivunjika saa sita," alikuwa akituambia, "saa kumi unaonekana mlevi."

Magoti yake yalikuwa yakimsumbua, nadhani kwa kule kusimama, akawa anayapaka mafuta ya karafuu. Kwa hiyo kabla hujamwona ulimnusa. Kwa mtu aliyesikia kila kitu, ilikuwa haki ndogo tuliyopewa.

Sasa niseme juu ya katikati. Watu wakisimulia mafunzo ya jeshi husimulia mwanzo, siku ya kunyolewa na kunyang'anywa simu, au husimulia mwisho, gwaride, mama na shangazi wamevaa vitenge wanatafuta mtoto wao kwenye mistari ya watu wanaofanana. Katikati hawaisemi, kwa sababu haina cha kusimulia. Malengelenge yamepona, kwa hiyo huna cha kumwonyesha mtu akuhurumie. Mwisho uko mbali, huwezi kuuhesabia siku. Mchakamchaka saa kumi na moja alfajiri, nyimbo zile zile. Kwata. Fatiki ya kupalilia mihogo ya kambi. Ugali. Kwata. Wiki ya nane watu waliokuwa wakigawana dawa ya meno wanagombana kwa ajili ya kipande cha sabuni. Usiku unataka kukumbuka sura ya msichana fulani wa mtaani kwenu, inakuja sura ya koplo wa stoo. Unaacha kutamani kwenda nyumbani, unaanza kutamani soda tu, moja, ya baridi. Hapo ndipo wanapokuchuja, na nadhani wanajua wanachofanya. Mtu wa katikati hana nguvu ya kujifanya.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu wa kwata. Nikienda kula natembea kama binadamu wengine. Nikiitwa stoo, sawasawa. Lakini ikishapigwa amri ya mbele tembea, kitu kinakaza kiunoni, na mkono wa kulia unaondoka pamoja na mguu wa kulia, kisha mkono wa kushoto na mguu wa kushoto. Kila mkufunzi wa kwata anaujua ugonjwa huo, kila kozi huwa na mtu mmoja au wawili. Wengi hupona wiki ya pili. Mimi wiki ya saba nilikuwa bado naharibu mstari mzima.

"Kumi na saba," Afande aliniambia, kwani alituita kwa namba, "unatembea kama kabati linalohamishwa."

Mstari ukatikisika kwa kicheko cha tumboni.

"Nimesikia," akasema. Wakatoka ishirini na tisa.

Kuanzia siku hiyo, wenzangu walipopumzika saa kumi jioni, mimi na yeye tulibaki uwanjani. Sitaki kumdhulumu, kwa hiyo naliandika. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuja na kipande cha khanga nyekundu, kuukuu, sijui ya nani, akakichana vitambaa viwili. Kimoja akanifunga kifundo cha mkono wa kushoto, kingine kwenye buti la kulia, akipiga goti kunifunga, na mkunjo wake ukavunjika, na hakusema kitu.

"Hivi viwili ni mume na mke," akasema. "Kimoja kikienda harusini na kingine kinakwenda. Mbele, tembea."

Vikaenda kila kimoja na njia yake.

"Usifikirie miguu."

"Ndiyo, afande."

"Unaifikiria. Naona mpaka huku. Kwenu unapenda kula nini?"

"Mihogo ya nazi, afande."

"Basi fikiria mihogo ya nazi. Mbele, tembea."

Nikaifikiria ya mama, na papa mkavu ndani yake. Hatua nne zikatoka sawa. Nikasikia raha, nikajitazama, na hatua ya tano kabati likarudi.

"Umeshiba haraka," akasema.

Wiki mbili tulifanya hivyo. Hatua nne zikawa sita, sita zikawa kumi. Nilianza kuamini, na nilianza, nikiri tu, kumpenda yule mzee, kwa namna ambayo unampenda mtu anayekusumbua wewe peke yako.

Halafu nikamwona anavyotembea.

Ilikuwa jioni, Alhamisi ya wiki ya tisa. Nilitumwa kuangalia tangi la maji nyuma ya makazi ya maafande. Afande akatokea bafuni, amevaa singlendi na kikoi, taulo begani, kisahani cha sabuni mkononi. Hakuniona. Alikuwa anarudi chumbani kwake polepole, mtu aliyemaliza kazi. Na mkono wake wa kulia ulikuwa unakwenda na mguu wa kulia. Wa kushoto na wa kushoto. Kabati kamili, linahamishwa kutoka bafuni kwenda chumbani. Mwanzo nikadhani amenihisi, ananiigiza kunikejeli. Lakini alifika mlangoni, akafuta miguu, akaingia. Mtu ambaye uwanjani alikuwa kama rula, akiwa peke yake alikuwa mimi.

Ningenyamaza. Nimejiambia hivyo nikiwa kwenye malori, kwenye vyumba vya kupanga, kwenye foleni za kila aina. Ila nimekulia Mwananyamala kwenye nyumba ya wapangaji saba na ua mmoja, na kwenye ua ule habari haikulala na mtu. Nilirudi hangani, bweni letu lile refu, nikavua shati, nikatupia taulo begani, nikachukua kisahani cha sabuni, nikapita katikati ya vitanda.

Sikulazimika kusema ni nani. Ile shingo ya Afande niliyoiiga iliwatosha. Watu walishika tumbo. Wiki zote za katikati zilitoka kwa pamoja kwenye vifua vile, si kicheko cha kawaida, kilikuwa kama kutapika.

"Braza, rudia pale anapofuta miguu," Hamza akasema, machozi yanamtoka.

Nikarudia. Nikaongeza na sauti: "Mihogo ya nazi, mihogo ya nazi." Hanga likalia.

Kisha harufu ya karafuu ikaingia dirishani.

Tulinyamaza wote mara moja. Dirisha lilikuwa na wavu tu, na nje giza lilikuwa limeanza, huoni kitu. Nilisimama na kisahani changu nikingojea neno lile moja. Nililitaka, nakuambia. Nilishajiandaa kubeba kitanda, tangi, mlingoti wa bendera. Halikuja. Harufu ikakaa kidogo, ikaondoka.

"Hajasikia," Hamza akasema baadaye.

"Yeye? Asisikie?"

"Angesikia angesema. Lini hajasema?"

Hoja ilikuwa nzuri, na nilitaka kuiamini, nikalala nayo.

Jumamosi ikawa siku ya mchujo. Utaratibu wao ulikuwa huu: kila mkufunzi analeta karatasi ya makuruti waliolegea kwenye somo lake, na kando ya kila jina anaandika moja kati ya mambo mawili. Aongezewe muda, maana yake anabaki kambini na kuungana na kozi inayofuata. Au aachwe. Hamza alikuwa ameshindwa kupanda kamba tangu siku ya kwanza, mtu mzito, mikono laini. Mkufunzi wake wa mazoezi ya viungo akamwandikia aongezewe muda. Karibu wote waliotajwa walipewa muda. Kwenye platuni yetu aliyeachwa alikuwa mmoja, kwa kwata, namba kumi na saba.

Nilirudisha vifaa stoo. Afande alikuwepo, amesimama kando ya meza. Hakunitazama usoni, alitazama buti nilizoweka mezani.

"Na kamba zake," akasema.

Nilikuwa nimezisahau mfukoni. Nikaziweka. Yale ndiyo maneno ya mwisho aliyonipa. Vitambaa vyangu viwili hakuviuliza, nikaondoka navyo.

Mama alikuwa amenisomea dua kabla sijaenda. Mtaa mzima ulikula pilau. Nilipoingia uani na begi alikuwa anakuna nazi, akasimamisha mkono.

"Baba, mbona na begi?"

"Likizo, mama."

"Haya. Karibu likizo." Akaendelea kukuna.

Mwezi ulipoisha aliniuliza mara moja tu, tena kwa upole, "Likizo hiyo ina kurudi?" Hakuuliza tena, na majirani walipouliza yeye ndiye aliyewajibu: yupo likizo.

Nikaondoka. Nilikwenda Tunduma na malori, nikawa utingo. Nikaenda Mtwara, nikarudi, nikaenda Mwanza kwa miezi mitatu iliyokuwa miaka minne. Nimejifunza kuchomelea vyuma Tabata, nikaacha, nikamalizia kujifunza Mbagala kwa fundi mwingine. Nimekuwa mtu wa kuondoka katikati, na kila nilipoacha kitu nilimtaja Afande. Mke wangu wa kwanza alimjua kwa jina kuliko alivyomjua mama mkwe wake. "Nenda kamuulize basi," alikuwa akisema. "Utapumzika, na sie tutapumzika."

Kuna mwaka nilikutana na Hamza, ameshanenepa ndani ya magwanda. Alipewa muda wake, akapanda kamba, akahitimu. "Zile hatua zako zilikuwa zinakubali," akaniambia. "Sie tulikuwa tunawaonaga pale saa kumi. Ungebaki kozi moja tu." Hakujua alichokifanya kuniambia hivyo. Aliniambia pia kwamba Afande amestaafu, anaishi huko Ukonga. Nilikwenda Ukonga mara mbili, nikazunguka, nikauliza mzee wa magoti mabovu. Ukonga ina wastaafu wengi na magoti mengi.

Mwaka huu, mwezi uliopita, nikapigiwa simu na mtu wa ghala moja Chang'ombe. Geti lao la kusukuma lilikuwa limetoka kwenye reli. Nikafika saa tatu asubuhi na boksi la vifaa. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amenipa mgongo, anatazama ndani ya uwanja wa ghala.

"Fundi, umechelewa," akasema bila kugeuka. "Nimekusikia tangu kwenye kona. Boksi lako lina bawaba inayolia."

Karafuu ilikuwa imeshanifika puani.

Nilishaandaa vitu vingi vya kusema siku hiyo ikija, lakini sikuandaa salamu. Jambo au shikamoo? Ni mzee sasa, kichwa cheupe, sare ya kampuni ya ulinzi imepauka, ila suruali ina mkunjo wake. Mdomo ukachagua wenyewe, kama kawaida yake, na ukachanganya. "Shikamoo, afande."

Akageuka. "Marahaba. Nani kakwambia mie afande?"

"Mie kuruti wako. Kumi na saba."

"Kila kozi ina kumi na saba wake," akasema, si kwa ubaya.

"Wa mihogo ya nazi."

Hakunitazama uso. Macho yake yalishuka moja kwa moja mpaka miguuni, yakakaa huko kwa muda. "Wa vitambaa," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Fanya kazi kwanza."

Nikafanya kazi. Kwa muda wa saa mbili na nusu nilinyoosha reli, nikachomelea gurudumu, na kichwani napanga maneno kama wakili. Nilipomaliza akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, na kunikatia nusu ya chapati. Alikula amekaa. Makombo yalimwangukia mapajani na hakuyafuta. Sikujua kwa nini jambo hilo linaniudhi, lakini liliniudhi.

"Hebu tembea nione," akasema.

Nina zaidi ya miaka arobaini, nina watoto. Ningeweza kukataa. Niliweka kifuniko chini nikasimama mguu sawa, mbele ya vibarua wa ghala waliokuwa wanasubiri gari la mzigo.

"Mbele," akasema, chini chini, watu wasisikie, "tembea."

Hatua kumi kwenda. Nyuma geuka. Hatua kumi kurudi. Kila mkono na mguu wa upande wa pili, zote ishirini, bila mihogo wala vitambaa.

"Mzee, mgambo umeanza lini?" kibarua mmoja akaniuliza. "Tuandikishe na sie."

Wakacheka. Afande hakucheka.

"Umenyooka," akasema. "Nani kakunyoosha?"

"Hakuna. Kutembea tu."

Nikaona ndiyo nafasi yenyewe. "Afande, ile Alhamisi, hangani. Ulisikia?"

Akafunga chupa ya chai, akaikaza.

"Nilisikia."

"Na karatasi?"

"Karatasi yako ilikuwa mfukoni. Nimeshaandika uongezewe muda. Nilikuwa nakuja kukuambia mwenyewe ili usilale na wasiwasi. Nikafika dirishani." Akanyoosha goti moja. "Nikarudi nikaandika nyingine."

"Kwa kicheko kile."

"Kwa kicheko kile. Miguu ingenyooka, mbona yangu ilinyooka. Nilifungwa kamba, sio khanga. Na hainyooki yote, uliona mwenyewe."

"Nilikuwa na miaka ishirini, afande."

"Najua."

"Ungenipa doso. Ningebeba kitanda. Ningebeba hanga zima."

"Ndiyo maana sikusema," akajibu. "Ningesema nimesikia, ungetoka, ungelipa, yangeisha. Siku ile sikutaka yaishe. Asubuhi yake nikataka. Lakini karatasi ilishakwenda kwa mkuu, na afande akishaifuata karatasi yake mwenyewe kuirudisha, hakuna kuruti atakayegeuka tena akimwambia geuka." Akafikiri. "Au niliamini hivyo."

Basi ndilo hilo jibu. Nilikuwa nimelitafuta Tunduma na Mwanza, na lilikuwa ni lile nililokwisha kulijua tangu harufu ilipoondoka dirishani. Nilitegemea litanitua kitu. Badala yake nilijikuta na hasira mpya, ya leo, juu ya ile ya zamani, maana ile ya zamani ilikuwa angalau na shaka ndani yake, na ndani ya shaka unaweza kukaa. Hotuba yangu yote iliisha, nikabaki na sentensi moja.

"Mama yangu amekufa anawaambia watu niko likizo."

"Mungu amrehemu," akasema. "Unataka nikuambie nini?"

"Sijui. Nilitaka kujua tu," nikamwambia, na haikuwa kweli, na yeye alijua.

Gari la mzigo likapiga honi nje. Afande akajiinua kwenye kiti kwa mikono miwili, akapangusa makombo, akavuta fulana yake, akaenda kufungua. Palikuwa na hatua kama ishirini mpaka kwenye geti, jua kali, uwanja mtupu, vibarua wote wakimtazama. Na mkono wa kulia ukaondoka na mguu wa kulia. Wa kushoto na wa kushoto. Polepole, bila kuficha, mzee mzima ndani ya suruali yenye mkunjo, kabati linahamishwa kutoka kwenye kiti kwenda getini. Akalisukuma geti, nalo likateleza kwenye reli yangu bila sauti.

Nilibana midomo. Niliuma shavu. Nilifikiria mama, nilifikiria begi langu siku ile, nilifikiria kila nilichoacha katikati. Kicheko kikatoka hivyo hivyo, puani kwanza, kidogo sana, huku injini ya gari inanguruma na vibarua wanapiga kelele za mzigo.

Afande alisimama akinipa mgongo, mkono mmoja kwenye geti.

"Nimesikia," akasema. "Anayejijua atoke."

Nilikuwa bado nimekasirika. Nikaweka boksi chini, nikapiga hatua moja mbele, mguu wa kushoto na mkono wa kulia.